Safu ya Tatu

Mjukuu wangu Neema, anayefanya kazi ya kompyuta hapa Iringa, alikuwa amekaa mezani kwangu Ipogolo akipanga majedwali ya kanzidata ya ofisi yao. Nilimwona ameweka umri kwanza, kijiji katikati na jina mwisho kabisa, nikamuuliza ni karani gani aliyemfundisha kuweka jina mwisho. Akacheka. "Bibi, huku mpangilio wa safu hauna maana. Kompyuta haihesabu kwamba hii ya kwanza, hii ya pili. Kila safu inaitwa kwa jina lake. Ukitaka umri unauita umri, unakuja hata kama uko mwisho." Nikamwambia basi kompyuta ina bahati, nikaenda jikoni kukoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa. Siku mbili baadaye Subilaga, binti wa Mzee Ambokile, akanipigia simu kutoka Usangu. Baba yake amefariki, alikuwa amevuka miaka tisini, na katika siku zake za mwisho aliagiza mwalimu wake aitwe kwenye msiba. "Mwalimu mwenyewe ni wewe, shangazi," alisema. Nilimpa pole, nikaahidi kufika, nikakaa kitandani nimevaa kiatu kimoja.

Nilimfundisha, ni kweli. Lakini kabla ya kumfundisha nilimfanyia jambo jingine, na hilo sijawahi kulisema. Mume wangu amekufa bila kulijua. Watoto wangu wanajua tu kwamba nikiwa msichana nilikaa mwaka mmoja Mbeya, na kwamba Mbeya kuna baridi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, nami nilikuwa na miaka ishirini. Nilipangiwa kazi ya ukarani katika shamba dogo la majaribio ya mbegu nje ya mji wa Mbeya, upande wa milimani. Siku hizi halipo tena, pamejaa nyumba. Nilishuka na sanduku la bati na viatu vya raizoni, vile vya soli ndefu vilivyokuwa fasheni, nikiamini kwamba msichana wa kidato cha nne aliyejua kupiga chapa hana wa kumzidi kwenye milima ile. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, na ukuta mzima ulikuwa wa droo za mbao zilizojaa mifuko ya kaki yenye mbegu. Kulinuka dawa ya kuulia fukusi wa mbegu tangu asubuhi mpaka unapolala, hata mkate niliokula ulikuwa na harufu ile. Ukungu ulikuwa unashuka mpaka dirishani, vidole vinakufa ganzi juu ya mashine ya chapa. Bwana Mshana, mtafiti mkuu, alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alikuwa na mahindi yake mapya ya kustahimili baridi, aliyoyalea kwa misimu mitatu. Mbegu zote zilitosha kwenye droo mbili, na kila akipita alizifungua na kuzitazama kama mtu anayechungulia watoto waliolala.

Nyapara wa shamba alikuwa Mzee Ambokile. Tulimwita mzee kwa heshima ya kazi, maana hakuwa amefika hata hamsini. Alikuwa Mnyakyusa mrefu, mzee wa kanisa, mtu ambaye hakunywa hata togwa iliyolala ikachachuka. Nilipewa chumba cha nyuma katika nyumba ya nyapara, na nilikula kwao. Mke wake, Mama Subilaga, alikuwa Msangu, kwa hiyo ndani ya nyumba ile walizungumza Kiswahili, kila mmoja akichomeka maneno ya kwao. Mwaka ule chakula kilikuwa cha shida. Tulikula ugali wa unga wa njano ulioletwa kutoka nje, watu wakiuita Yanga, na majani ya maboga. Mzigo wa ndizi ukifika kutoka Tukuyu, Mama Subilaga alipika mbalaga, ndizi na maharage kwenye sufuria moja, akanipakulia mimi kabla ya bintiye, kwa sababu, alisema, mtoto wa watu akikonda nyumbani kwako ni aibu. Subilaga alikuwa na miaka kumi. Alikuwa akinitazama nikila kama mtu anayejifunza jinsi ya kushika kijiko.

Kila msimu wa kupanda ofisi ilitoa karatasi moja yenye jedwali. Kila mstari ulikuwa kitalu kimoja cha shamba. Safu ya kwanza ilikuwa namba ya kitalu, ya pili namba ya mbegu, ya tatu mbegu ngapi kwa kila shimo, ya nne vizibo vingapi vya mbolea kwa kila shimo. Vizibo vyenyewe ni hivi vya soda, ndivyo tulivyopimia. Mzee Ambokile alisimama mbele ya kitalu, akashusha kidole gumba kwenye karatasi, akapaza sauti: "Kitalu cha saba! Mbegu tatu, kizibo kimoja!" Na vibarua, akina mama wa Kisafwa kutoka vijiji vya juu, walimjibu kwa pamoja, "Tatu, kimoja!" huku wameinama. Ilipendeza kusikia. Ningeweza kuandika kwamba ndiyo sauti ninayoikumbuka zaidi katika mwaka ule, lakini si kweli.

Nilikuja kujua siri yake kwa sababu ya barua. Mdogo wake aliyekuwa kazini Zambia aliandika, na Mzee akaniletea nikiwa naosha vyombo. "Nisomee, karani. Macho yangu yamechoka." Nikasoma. Lakini asubuhi ileile nilikuwa nimemwona akiwaonyesha akina mama ngedere wawili kwenye mti ambao mimi niliuona kama moshi tu. Jioni nikawasikia yeye na mkewe. Ukuta wa chumba changu haukufika kwenye paa.

"Mwambie yule binti akufundishe," Mama Subilaga alisema. "Kisomo ni bure. Hata bibi yangu kule Usangu anaandika jina lake."

"Namba nazijua. Kazi yangu ni namba."

"Na maneno?"

"Nyapara akakae benchi moja na vibarua wake, waseme a, e, i, o, u? Niache, mama."

Ningekuwa mtu mwema ningeyasahau. Lakini wiki ile mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, nami nilitelemka shambani na raizoni zangu kupeleka ujumbe, nikateleza nikakaa kwenye tope, sketi na yote. Mzee Ambokile alikuja kuninyanyua, ila kabla ya kuninyanyua alisema kwa sauti, "Mama zangu, kalamu haijui matope!" na wanawake arobaini wakacheka mpaka wengine wakashika majembe wasianguke. Hakuwa na ubaya. Alinifutia viatu kwa majani. Mimi nililia chumbani, na nikajiambia kwamba mtu asiyejua kusoma hana haki ya kumcheka anayejua. Niliyasema maneno hayo kwa mdomo, peke yangu. Nayakumbuka kwa sababu niliyaona mazuri.

Msimu ule Bwana Mshana alitaka karatasi ya kupandia ipigwe chapa upya, nakala za kwenda hata kwenye mashamba mengine. Nikaitengeneza upya. Niliona kwamba mbolea ndiyo inayotangulia shimoni, inafukiwa udongo kidogo, ndipo mbegu inafuata. Basi kwa nini kwenye karatasi mbegu itangulie? Nikahamisha. Safu ya tatu ikawa mbolea, ya nne ikawa mbegu. Juu ya kila safu nikapiga jina lake kwa herufi kubwa na kulipigia mstari. Bwana Mshana aliitazama muda mrefu. "Hii imefuata kazi," alisema. "Safi sana." Nilitembea siku nzima kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Asubuhi ya kupanda nilimkabidhi Mzee karatasi mlangoni mwa ofisi. Aliitazama juu, akatazama chini, kidole gumba kikaenda chenyewe mahali pake pa siku zote. Nilikiona kinakwenda. Sitaki kujidanganya katika umri huu: nilijua. Sikujua yatakayotokea, lakini nilijua kwamba safu imehama na kwamba mtu huyu hawezi kusoma jina lake. Neno moja lingetosha. Ningeweza kusema, Mzee, mwaka huu nimegeuza, mbolea ndiyo ya kwanza. Nilichosema ni, "Kila kitu kimeandikwa hapo juu, Mzee," na nilisema kwa kutabasamu, nikingoja aniombe nimsomee. Nilitaka aombe. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. "Asante, karani," akasema, akaenda. Kutoka mezani kwangu niliweza kusikia wakiitikiana. Nilipiga chapa barua tatu, na moja niliirudia mara mbili.

Jaribio lile lilikuwa na moja, mbili na tatu tu, kwa mbegu na kwa mbolea vilevile. Sifuri haikuwemo. Laiti ingekuwemo, angekuta shimo lisilo na mbegu hata moja, angesimama, angerudi kuuliza. Lakini tatu na moja zikawa moja na tatu, na hakuna aliyeshtuka. Mashimo yaliyostahili mbegu tatu na kizibo kimoja yalipata mbegu moja juu ya vizibo vitatu vya mbolea kali. Baada ya wiki mbili vitalu vingi vilikuwa vitupu, udongo mweusi mtupu, na hapa na pale mche mmoja wa njano uliojikunja. Vingine vilijaa mahindi yaliyobanana kama majani ya mchaichai. Bwana Mshana alizunguka shamba lote bila kofia, mvua inamnyeshea. Aliporudi alifungua zile droo mbili, zilikuwa tupu, akazifunga tena polepole.

Alituita ofisini, mimi na Mzee tu. Karatasi ilikuwa mezani, imechafuka tope.

"Mzee Ambokile. Safu ya tatu ni nini?"

"Mbegu, Bwana. Tangu nimeingia shamba hili, safu ya tatu ni mbegu."

"Nisomee kilichoandikwa juu yake."

Mzee akainama. Mkono wake ulishika ukingo wa meza. "Mbe..." alisema. "Mbegu."

Bwana Mshana alishusha macho, na nikaona kwamba ameelewa, na kwamba anaona aibu kwa niaba ya mwenzake. Akanigeukia mimi. "Binti, ulimwambia kwamba umebadilisha mpangilio?"

Nilikuwa kazini chini ya mwaka. Nikaona sanduku langu la bati, nikaona basi la kurudi Iringa. "Ndiyo," nikasema. "Nilimwambia."

Mzee Ambokile akanitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu aliyewahi kumfahamu. "Karani ni msomi," alisema mwishoni. "Kama anasema aliniambia, basi aliniambia."

Barua aliyopewa niliipiga chapa mimi. Bwana Mshana hakutaka iandikwe kwamba nyapara hajui kusoma, nadhani alitaka kumsitiri, kwa hiyo iliandikwa neno moja tu: uzembe. Aliondolewa unyapara akawekwa pamoja na vibarua, na mwisho wa mwezi familia ikahama kwenda chumba kimoja katika kambi. Mimi nilibaki kwenye chumba changu cha nyuma, na nyapara mpya akaingia mbele. Karatasi yangu ilichapishwa, ikapelekwa mashamba mengine, nikaandikiwa barua ya pongezi.

Nilidhani wataacha kuniita chakulani. Jumapili ya kwanza Subilaga alikuja kugonga: "Mama anasema chakula tayari." Nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kama kukiri. Tulikaa wanne kuzunguka sinia, magoti yanagusana, kitanda nyuma yetu, kuku chini ya kitanda. Mama Subilaga alinipakulia kwanza kama zamani. Lakini hakusema na mumewe. Alimwekea bakuli lake pembeni, bila kumtazama, na Mzee akala kimya. Kanisani naye nilimwona amekaa viti vya nyuma, si kule mbele na wazee. Nikajiambia ni kwa sababu ya cheo kilichopotea. Sikuuliza. Nilikula Jumapili zile zote, nikisema asante mama, nimeshiba mama.

Wakati ule kila aliyesoma alitakiwa kufundisha kisomo. Darasa letu lilikuwa saa kumi jioni ndani ya banda la majembe, ubao ukiwa mlango mbovu uliopakwa masizi. Wiki ya tatu Mzee Ambokile aliingia, akavua kofia, akakaa benchi la mbele katikati ya wale mama waliokuwa wakimwitikia mashimoni. Hakuna aliyecheka. Nilipompa chaki na kumuuliza anataka kuanza na neno gani, nilitarajia atasema jina lake. Akasema, "Niandikie mbegu. Na chini yake niandikie mbolea."

Niliandika. Neno la pili likapanda juu kama kilima. Alisimama mbele ya mlango ule akaweka kidole kwenye neno la kwanza, halafu la pili.

"Zinaanza sawa," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Siku ile niliangalia, mwalimu. Usidhani sikuangalia. Hizi mbili za mwanzo nilikuwa nazijua kwa sura. Nikaziona, nikasema, ni ileile." Akarudi kukaa. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwalimu, na hakuniita karani tena.

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Wanafunzi walitoka, tulibaki wawili tukipanga mabenchi, nami nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikamwambia kesho tutaendelea na silabi. Tukaendelea. Ilipofika mavuno alisoma Zaburi fupi kwa kidole, bila kusimama, na mimi nikahamishwa kurudi Iringa. Baada ya kama miaka miwili ilinifikia barua kutoka Usangu, walikokwenda kulima mpunga kwa ndugu za mkewe. Herufi zilikuwa kubwa kama za mtoto. *Mwalimu hujambo. Sisi wazima. Nasoma mwenyewe barua za mdogo wangu.* Sikuijibu. Nilikuwa na mtoto mchanga, nilikuwa na kazi, nilikuwa na sababu kila mwaka.

Kwenye msiba nilikwenda kwa basi la Mafinga, kisha nikapata gari la mizigo linalokwenda upande wa Madibira. Nilifika wameshazika, nikamkuta Subilaga nyuma ya nyumba, mwanamke wa makamo sasa, anaosha masufuria ya msiba na kanga imefungwa kiunoni. Alinikumbatia na mikono yenye maji. Alisema nimepangiwa kusema machache baada ya mchungaji, kama mwalimu wa marehemu. Nikamwambia sitaweza kusema kabla hajanisikia yeye. Nilimwambia palepale, nimesimama, bila kuketi: karatasi, safu, kidole gumba, lile "ndiyo, nilimwambia". Nilisema hata kwamba nilijua hajui kusoma. Hilo ndilo lililokuwa gumu kutoka.

Aliendelea kusugua sufuria moja mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akaiweka chini.

"Barua ile ya uzembe nilimsomea mama mimi," alisema. "Mama akauliza, uzembe gani? Baba akasema alikunywa. Kwamba asubuhi ya kupanda alipitia kilabuni."

"Alikunywa? Baba yako?"

"Ndivyo alivyosema. Nadhani aliona ni afadhali hivyo kuliko mama kumwambia, nilikuambia ukasome. Mama alikwenda mwenyewe kumshtaki kanisani. Wakamvua uzee wa kanisa, na hakurudishwa mpaka anakufa. Na huku kwa wajomba, tangu tumefika, yeye ni shemeji mlevi. Hawajawahi kumpa kushika kitu cha ukoo. Mama amekufa anaamini hivyo, shangazi. Alimhudumia mpaka mwisho, lakini alikuwa hamwamini."

Nilijaribu kusema nisamehe, likatoka nusu.

"Usiniombe mimi," Subilaga alisema. Alikuwa halii. "Mimi nilikuwa na miaka kumi. Ulikuwa na muda wote huu wa kumwomba yeye, na simu zipo." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Wajomba wako pale mbele, kwenye turubai. Nenda ukawaambie wao."

Nikaenda. Mchungaji alikuwa amemaliza, akanipisha. Walikuwa wamekaa wazee watano wa ule ukoo, na yule mkubwa kuliko wote, ndugu wa marehemu Mama Subilaga, alikuwa kwenye kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti, mkono nyuma ya sikio. Nilitaja jina langu. Nikasema kazi niliyofanya Mbeya, na niliyomtendea shemeji yao, na uongo niliousema mbele ya mkuu wake. Nikasema siku ile hakuwa amekunywa, wala siku nyingine yoyote niliyomjua.

"Anasema nini?" mzee akauliza.

Subilaga alikuwa amenifuata, amesimama kwenye kona ya nyumba. Akapaza sauti: "Anasema baba hakulewa, mjomba! Siku ile baba hakulewa!"

Mzee alinitazama. Macho yake yalikuwa na ukungu, sidhani kama aliona zaidi ya kivuli changu, lakini aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa.

"Na leo tumeshamzika," alisema, "ndiyo unasema."

"Ndiyo, baba," nikamjibu. "Ndiyo nasema."